Maswali Tunayoulizwa Kila Siku: Kununua na Kuuza Spea za Kompyuta na Raita za DVD Zilizotumika, Nairobi

Kaunta yetu iko ghorofani, ngazi chache kutoka Luthuli Avenue. Kila asubuhi watu hupanda wakiwa wameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti, na maswali ni yale yale. Tumeyaandika hapa ili uokoe nauli, au ukija uje umejipanga.

Kabla ya yote: usituulize sisi kama spea ni nzima. Muuzaji yeyote atakwambia ni nzima. Iulize spea yenyewe. Karibu kila kitu kilicho ndani ya kompyuta huweka kumbukumbu ya umri wake na maradhi yake, na sehemu kubwa ya majibu yaliyo hapa chini ni namna ya kuisoma kumbukumbu hiyo mbele ya muuzaji, sisi tukiwemo.

Kwani bado kuna mtu anayenunua raita ya DVD?

Wapo, tena si wazee peke yao. (Raita ni kile kifaa cha kusoma na kuandika diski, na kuandika huko ndiko tunakoita kuchoma.) Anayeongoza ni mpiga video wa harusi na ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu. Mama ya bibi harusi kule Murang'a hataki kutumiwa linki. Anataka kitu cha kushika, chenye picha ya bintiye kwenye jalada, akiweke kabatini na kukitoa wageni wakija. Wa pili ni karani wa wakili. Video ya kamera za ulinzi inayopelekwa kortini mara nyingi hupelekwa ikiwa kwenye diski, ikiandamana na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Wa tatu ni mgonjwa. Hospitali humpa picha za CT au MRI kwenye CD, na laptopu ya siku hizi haina pa kuitia, basi anakuja kwetu amebeba ubongo wake kwenye bahasha akitafuta raita ya USB.

Halafu kuna wenye magari. Gari likitoka Japani huja na redio ya huko, na FM ya redio hizo nyingi huanzia 76 na kuishia 90. Stesheni nyingi za Nairobi ziko juu ya 90. Mwenye gari atabadilisha redio, ataweka kile kifaa cha kushusha masafa, au atachoma CD. CD moja ya MB 700 ikijazwa MP3 hubeba nyimbo zaidi ya mia. Ukiona mtu anaagiza CD tupu hamsini bila kuuliza bei, huyo ana Toyota Probox.

Nitajuaje kama raita ni nzima?

Hapa ndipo watu wengi huumia, na sisi tuliwahi kuumia pia. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua katoni ya raita arobaini kutoka kwa ofisi fulani iliyokuwa ikihama. Tulizijaribu tatu pale pale: trei ikafunguka, diski ikasoma, tukalipa. Tuliporudi dukani tukazijaribu zote kwa kuchoma. Zote arobaini zilisoma. Zilizochoma zilikuwa kumi na moja.

Kusoma na kuchoma si kazi moja. Kusoma kunahitaji mwanga hafifu tu wa leza. Kuchoma kunahitaji mwanga wenye nguvu mara nyingi zaidi, na leza huzeeka kama balbu. Isitoshe, raita ya DVD ina leza mbili nyuma ya lenzi moja: ya CD, yenye wimbi la nanomita 780, ambayo jicho la mtu haliioni, na ya DVD, yenye nanomita 650, nyekundu. Moja hufa nyingine ikibaki. Ndiyo maana mtu huapa kwamba raita yake "inafanya kazi", na kweli inafanya, lakini kwa CD pekee.

Kwa hiyo jaribio ni hili. Njoo na DVD tupu moja. Ichomwe ikiwa imejaa, si faili moja ya picha, maana uchomaji huanzia katikati ya diski na kuishia ukingoni, na raita mbovu huangukia ukingoni. Kwa mwendo wa 8x ni dakika kama nane. Kisha programu ilinganishe kilichochomwa na faili za asili. ImgBurn hufanya hivyo bure. Mwisho, ile diski isomwe kwenye mashine nyingine. Muuzaji akikwambia dakika nane ni nyingi, muage.

Ukiwa unangoja, igeuze raita nyingine kama hiyo uangalie kibandiko cha juu. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa huandikwa hapo. Raita ya 2008 iliyotoka kwenye mashine ya mapokezi inaweza kuwa haijawahi kuchoma hata diski kumi, na ya 2014 iliyotoka studio ya River Road ikawa imechoma maelfu. Tarehe peke yake haitoshi, ila inakupa pa kuanzia maswali.

Trei inakwama, hufunguka tu nikiipiga kofi. Imekufa?

La. Ndani kuna kimkanda cha mpira, chembamba kama raba ya kufungia noti, kinachozungusha gia ya trei. Kikilegea, mota huzunguka na trei haiendi. Kinabadilishwa. Baadhi ya mafundi hukitia kwenye maji ya moto kikajikunja kidogo, na trei hupona kwa miezi michache. Wakati huo, nyoosha klipu ya karatasi uisukume kwenye kale katundu kadogo kaliko mbele ya trei, itatoka. Zima mashine kwanza.

Ya 52x si ndiyo kali kuliko ya 16x?

Hapana, hizo ni x mbili tofauti. x moja ya CD ni kilobaiti 150 kwa sekunde. x moja ya DVD ni kilobaiti 1,385. Kwa hiyo CD ya 52x hukimbia kama megabaiti 7.8 kwa sekunde, na DVD ya 16x megabaiti 22.

IDE, SATA, au ile nyembamba: nichukue gani?

Fungua mashine utazame waya. Ikiwa ni utepe mpana wa kijivu wenye plagi ya pini 40, hiyo ni IDE, na siku hizi tunaiuza kwa wachache wenye mashine za zamani za studio. Waya mwembamba wenye plagi bapa ni SATA.

Za laptopu zina unene wa aina mbili, milimita 12.7 na 9.5. Pima kwa rula kabla hujaja, kwa sababu ile nene haiingii kwenye nafasi ya ile nyembamba hata ukiiombea. Tunazitoa kwenye laptopu zilizokufa bodi kuu na kuzivisha kasha la USB. Zingatia: tundu la kawaida la USB 2 hutoa miliampia 500, na raita ikianza kuzungusha diski huhitaji zaidi. Ndiyo sababu waya wake una vichwa viwili. Chomeka vyote viwili, usije kutulalamikia kwamba uchomaji unakatika kati.

Raita imekataa filamu halisi niliyoletewa kutoka Uingereza, lakini inasoma diski nyingine zote.

Hayo ni maeneo. Filamu za DVD za dukani hugawanywa kwa maeneo: Kenya ni eneo la 5, Uingereza la 2, Marekani la 1. Raita hukuruhusu kubadilisha eneo mara tano, kisha inafunga hapo ilipo. Mashine nyingi za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza kwanza, huja zikiwa kwenye 2. Diski ulizochoma mwenyewe haziguswi na jambo hili.

Nimenunua diski ngumu ya GB 500, kompyuta inasema 465. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Kwa hesabu hiyo hiyo DVD ya GB 4.7 huonekana 4.38. Anayeibiwa ni yule aliyenunua flashi ya TB 2 barabarani kwa shilingi mia tano. Hiyo imedanganywa ndani iseme ni TB 2, na ukifika kwenye gigabaiti ya kumi na kitu inaanza kufuta ulichoandika mwanzo. Programu ya H2testw huijaza yote na kuisoma tena, uongo ukajitokeza.

Diski ngumu iliyotumika naipimaje?

Diski ngumu ndiyo spea yenye mdomo kuliko zote. Ifungue kwa CrystalDiskInfo, iko bure na hubebeka kwenye flashi. Rangi ya samawati ni nzuri, ya njano ina tatizo, nyekundu usiulize. Lakini usiishie kwenye rangi.

Soma saa ilizowaka. Mwaka mzima una saa 8,760. Mashine ya ofisi inayowashwa asubuhi na kuzimwa jioni hupata kama saa elfu mbili na kitu kwa mwaka. Ukikuta diski yenye saa 40,000, hiyo haikukaa kwenye meza ya karani. Ilikuwa kwenye kamera za ulinzi au seva, bila kulala, zaidi ya miaka minne. Si lazima iwe mbovu, ila bei yake isilingane na ya saa 6,000.

Kisha tazama safu tatu: 05, C5 na C6. Hizo huhesabu sehemu za diski zilizooza au zinazoelekea kuoza. Tunataka sifuri zote tatu. 05 ikiwa na namba ndogo isiyosonga, diski inaweza kuishi muda, lakini usiweke picha za mtoto wako humo. C5 ikipanda unapoiangalia, iweke chini uondoke. C7 ni tofauti: mara nyingi kosa ni la waya, badilisha waya kwanza.

Na hata mdomo huo unaweza kuzibwa. Mwanzoni mwa 2025 huko Ulaya ziligunduliwa diski za seva zilizofutwa saa zao na kuuzwa kama mpya. Basi ukiona diski ya "saa 3" yenye mikwaruzo kwenye matundu ya skrubu, amini skrubu.

Ramu yoyote ya DDR3 itaingia?

Kuingia na kufanya kazi ni mambo mawili. Ramu ni kile kipande cha kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na DDR2, DDR3 na DDR4 ni vizazi vyake. DDR2 na DDR3 za mezani zote zina pini 240, ila pengo la kati liko mahali tofauti. Ukilazimisha, utavunja bodi. DDR4 ina pini 288. Za laptopu: DDR3 pini 204, DDR4 pini 260. Laptopu zenye prosesa (kichipu kikuu) ya Intel, za kuanzia kizazi cha nne, zikiwa za DDR3 huhitaji DDR3L, yenye volti 1.35 badala ya 1.5. Tafuta ile herufi L kwenye kibandiko.

Mtego mwingine ni ramu za bei poa zinazofanya kazi kwenye bodi za AMD, mshindani wa Intel, pekee. Ukiiweka kwenye mashine ya Intel haiwaki, na wewe unadhani bodi imekufa. Uliza kabla ya kulipa.

Mashine ikilia mlio na kukataa kuwaka baada ya kuweka ramu, itoe, sugua zile pini za dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa, rudisha mpaka isikike kak kak pande zote mbili. Hilo peke yake limefufua mashine nyingi ambazo wenyewe walikuwa tayari kutuuzia kama chuma chakavu.

Nataka CPU. Bei gani?

Unataka prosesa au boksi zima? Nairobi CPU ni boksi zima. Hatubishani nawe, tunauliza tu tusije tukakuletea kichipu cha ukubwa wa biskuti.

Mnauza pawasaplai iliyotumika?

Kile kiboksi cha kuipa kompyuta umeme? Tunauza chache, na tunazifungua kwanza. Ndani kuna vikopo vidogo vya umeme. Kikiwa na kichwa bapa ni kizima, kikivimba kama andazi hiyo tumeitupa. Bodi za miaka ya 2000 hadi 2007 hivi ziliugua sana ugonjwa huo.

Mashine ikitoka Marekani, kabla hujaichomeka popote, angalia nyuma. Pawasaplai za zamani zina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Wiki yangu ya kwanza kazini niliichomeka moja bila kutazama. Stima ya Kenya ni volti 240, kiswichi kilikuwa kwenye 115. Ulilia mlio kama fataki za Diwali kule Parklands, moshi mweupe ukapanda, na mzee wa duka akasema neno moja tu: "Fagia." Nililipa kwa mshahara wa wiki mbili.

Hizi mashine za Windows 10 bado zina maana?

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi hutaka TPM 2.0, kichipu cha usalama, na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ndiyo maana ofisi za Ulaya zinatapika mashine za kizazi cha sita na cha saba, nazo zinafika hapa zikiwa safi kabisa. Kwa mwanafunzi anayeandika na kusoma, weka SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) na Linux (mfumo wa bure badala ya Windows), utapata mashine nzuri kwa pesa kidogo. Kwa shughuli za benki na data za wateja, ongeza pesa uchukue kizazi cha nane.

Laptopu ya ex-UK iwashe uingie BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla ya Windows. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji hana, iache. Ikiwa ina kufuli la kampuni iliyoimiliki, iache pia, hata kama bei inakuita kwa jina. Betri nayo ina mdomo: andika powercfg /batteryreport, halafu linganisha ujazo wa kiwandani na ujazo wa leo.

Nina spea za kuuza. Mnanunua nini?

Ramu za DDR3 na DDR4, SSD, raita za SATA na za laptopu, skrini za laptopu, prosesa za kizazi cha nne kwenda mbele, kadi za grafiki zinazowaka. Hatununui kibodi za PS/2 (zile za zamani zenye plagi ya duara) wala printa.

Njoo na kitambulisho. Tutachukua nakala, tutaandika namba za serial za kifaa, utatia sahihi. Watu hukasirika: "Kwani mimi mwizi?" Wewe si mwizi, lakini kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa hadi miaka 14 kwa anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kujua. Ukiwa na risiti ya zamani, bei yako inapanda. Kijana akija na laptopu isiyo na chaja na hajui neno la siri, tunamwelekeza kwenye ngazi.

Nimefomati diski. Inatosha?

Haitoshi. Fomati ya haraka huondoa orodha tu, faili zimebaki. Diski ngumu iandikwe upya nzima mara moja. SSD tumia amri ya kufuta ya kiwanda chake. Kama ni ofisi, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: rekodi za wateja wako zikikutwa kwenye diski uliyouza, mwenye mzigo ni wewe. Tunafuta bure mbele yako ukituuzia, ila diski ya TB 1 huchukua saa kadhaa, kwa hiyo kanywe chai.

Bei zikoje? Na mbona ramu imepanda?

Kwetu, wakati tunaandika haya, raita ya SATA ya mezani iliyopimwa ni shilingi 1,000, ya laptopu ndani ya kasha la USB 1,800. Ambayo haijapimwa ni 400, na ukiichukua hiyo hatujuani. Bei ni ya kuongea, ila ukichukua moja usiongee kama unayechukua ishirini.

Ramu ilianza kupanda mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vimeelekeza nguvu kwenye ramu za vituo vikubwa vya akili unde. Kutoka huko hadi Luthuli ni mbali, lakini DDR4 iliyotumika ilipanda pia. Tuna wateja waliotuuzia ramu zao mapema mwaka huo na sasa hawatusalimii.

Nalipaje?

M-Pesa au pesa taslimu, baada ya kupima. Ukiwa wewe ndiwe unayeuza, kwetu au kwa mtu mwingine, usitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe wa kughushi huandikwa vizuri sana. Salio haliandikwi na mtu.

Waranti?

Siku 14 kwa kilichopimwa, na namba ya serial lazima ilingane na tuliyoandika. Ukirudisha raita yenye kibandiko kilichong'olewa, waranti imekwisha. Stima ikikupiga, hatuhusiki, nunua UPS, kile kifaa cha betri cha kuikinga mashine na stima.

Mnaweza kunichomea filamu mpya?

Hapana. Harusi yako, mahubiri ya kanisa lako, wimbo wako mwenyewe, ndiyo. Kazi ya mtu mwingine inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na hatutaki kuelezana na KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Niko Kisumu. Mnatuma?

Tunatuma kwa basi, nauli juu yako. Tutakurekodia video ya kifaa kikipimwa, namba yake ya serial ikionekana. Raita tunaifunga na trei ikiwa tupu. Kuna aliyewahi kuturudishia moja ikiwa na CD ya kwaya ndani, imepasuka vipande vitatu.

Vilivyokufa kabisa mnavipeleka wapi?

Tunavikusanya kwenye magunia na kuvipeleka kwa WEEE Centre, wanaovunjavunja vifaa vya elektroniki kwa utaratibu. Huwezi kupata pesa ya maana kwa kuchoma waya kwenye jalala la Dandora upate shaba, na moshi ule unavutwa na watoto wa mtu. Raita iliyokufa bado ina mota mbili tatu, gia na sumaku. Wanafunzi wa ufundi huja kuziomba, nasi huwapa.

Mnafungua saa ngapi?

Saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumapili tunafunga. Siku ya maandamano piga simu kwanza, usije ukakuta mlango wa chini umeteremshwa. Na usituletee ramu ya kupimwa saa kumi na moja na nusu. Kipimo chake ni kirefu kuliko jioni iliyobaki, na matatu za Githurai hazitungoji.